Laptopu na simu za kununua ukikaa Mtwara au Lindi: angalia bodi kwanza

Korosho zikishalipwa watu wanaingia madukani kutafuta laptopu na wanachouliza ni ram na prosesa tu, bodi, yani ganda la nje la kifaa, hakuna anayeiuliza. Sasa sisi wa pwani, upepo wa kusi ukivuma Shangani na Mikindani, chumvi inafika mpaka chumbani, na chumvi ndo inayoamua kifaa chako kitadumu au la. Mi metali za bodi nazipanga hivi.

Ya kwanza alumini ya anodaizi, yani imekuzwa utando mgumu wa oksaidi juu yake kwa umeme. Haiongozi kwa wepesi, ujazo wa lita moja una kilo 2.7, ila chumvi inaivumilia vizuri na joto inalitoa haraka. MacBook Air ya M1 ni ya hivi, kilo 1.29. Kwenye simu aloi, yani mchanganyiko wa metali, nayo ina maana, iPhone 6 ya 2014 ililalamikiwa sana kupinda, 6s ya 2015 ikaja na alumini ya aina ya 7000 yenye zinki ikawa ngumu zaidi. Ukinunua ya mtumba kagua tundu la chaja na pembe zote, ukiona unga mweupe au utando umevimba iache hata kama muuzaji anashusha bei.

Ya pili magnesiamu, na kwa wepesi hapa ndo penyewe, lita moja kilo 1.74 tu, ndo maana LG Gram nyingi za inchi 14 hazifiki kilo, na NEC wa Japani mwaka 2012 walichanganya magnesiamu na lithiamu wakatoa LaVie Z ya inchi 13.3 yenye gramu 875! Shida yake inaliwa na chumvi upesi sana, hasa pale inapogusana na skrubu za stili, na kinachoilinda ni rangi na koti la juu, kwahiyo iliyochubuka usiinunue kabisa kama unakaa karibu na maji, bora plastiki nzima.

Titaniamu ya tatu. Chumvi haiifanyi kitu, iPhone 15 Pro ilishuka mpaka gramu 187 kutoka 206 za 14 Pro ya stili, ila bei kubwa na joto haitoi vizuri, mwaka 2025 Apple wenyewe 17 Pro wameirudisha kwenye alumini.

Ila nyie wa Masasi, Newala na Nachingwea mko mbali na bahari, kwenu magnesiamu naipandisha iwe ya kwanza, chukueni.