Neti ya dawa inadumu muda gani? Kwangu mbili za aina moja, moja iliisha miezi 22 na nyingine imevuka miaka mitatu

Nakaa Ifakara, bondeni, mashamba ya mpunga pande zote, kwa hiyo mbu huku hatusimuliwi tunaishi nao. Tangu 2019 mpaka sasa kwangu zimepita neti sita, za kliniki, za dukani, ya bluu ile ngumu kama plastiki, nyeupe laini za polista, na ile ya duara ya mapambo. Naandika huu uzoefu kwa sababu kila siku nasikia mtu anasema "neti za bure mbovu hazidumu", mwingine anasema "ya kwangu ina miaka sita bado nzima", na mi nimeona yote mawili ndani ya nyumba moja.

Ya kwanza ilikuwa ya bluu, nilipewa kliniki hudhurio la kwanza la mimba mwanzoni mwa 2019. Niliambiwa niianike kivulini siku nzima kabla ya kuitumia, sikusikia, nikaifunga usiku uleule, uso ukawashwa kama nimepakwa pilipili na mafua juu. Kesho yake nikaianika chini ya mwembe na tatizo likaisha hapo. Sasa mi ni mtu wa usafi sana, vumbi la barabara yetu linaingia mpaka kitandani, nikawa naifua mara mbili kwa mwezi, sabuni ya unga, nafikicha kama shuka, alafu natandaza juani kwenye waya. Hakuna aliyenikataza, au waliniambia mi sikuzingatia. Baadae sana ndo nikaja kujua kwamba hizi neti za dawa ya muda mrefu zimepimwa kubaki na nguvu kwa kufuliwa kama mara 20, na miaka mitatu ya matumizi. Piga hesabu, mara mbili kwa mwezi ni mara 24 kwa mwaka! Yaani kabla mtoto hajaanza kutembea mi nilikuwa nimeshamaliza kufua kwa miaka mitatu yote, tena kwa sabuni kali na jua kali ambavyo vyote vinaila dawa. Neti ilikuwa inang'aa, safi kabisa, na mbu wanatua juu yake wanapumzika wanaondoka zao.

Mama yangu alipoona nafua vile akashangaa, akanikumbusha enzi zao. Miaka ya 90 mwishoni huku Kilombero na Ulanga kulikuwa na neti za Zuia Mbu, zilianza kuuzwa 1997, na zile dawa unanunua mwenyewe unachanganya na maji kwenye beseni unaichovya neti, ikipita miezi kadhaa unachovya tena. Kwa hiyo kwake neti kufuliwa ilikuwa jambo la kupangwa, ukifua umetoa dawa lazima ununue nyingine. Sisi wa sasa tumekuta dawa imeshawekwa kiwandani ndani ya uzi wenyewe au imegandishwa juu ya uzi, tunaona kama haiishi.

Ya pili ndiyo iliyonifundisha kwa machungu. Nyeupe, laini, nilipewa Mei 2020 mtoto alipochomwa chanjo ya surua ya miezi 9. Hii sikuifua hovyo, nilikuwa nimeshaelekezwa, nikaifunga kitanda cha mtoto na kila usiku namchomekea mwenyewe chini ya godoro. Machi 2022, mvua zimeshika, mtoto ana miaka miwili na nusu hivi, akaamka saa nane usiku anatetemeka meno yanagongana, mwili wa moto, anatapika. Asubuhi zahanati, wakamtoboa kidole, kile kipimo kikatoa mistari miwili. Nilibishana na nesi kabisa, nikamwambia, dada, huyu mtoto halali nje ya neti hata siku moja. Hakunijibu kwa hasira, akaniuliza tu, "Mama, matundu umeyahesabu?" Sikuwa na jibu. Tukapewa dawa mseto za siku tatu tukarudi nyumbani, mtoto amelala begani kama kitambaa.

Mchana ule nikaishusha neti, nikaining'iniza mlangoni mwanga unapita kwa nyuma, nikaanza kuhesabu. Jamani. Usiku chumbani kwa taa ile hafifu huoni kitu, unaona neti imekaa vizuri. Mlangoni niliona matundu 31. Nina binamu yangu anafanya kazi za kukusanya mbu na watafiti hapahapa Ifakara, jioni akaja kumjulia hali mtoto akanikuta nimeishikilia, ndo akanionyesha wao wanavyopima. Hawaangalii idadi tu, wanaangalia ukubwa. Tundu la kupita kidole gumba ni namba 1. La kupita ngumi ni 23. La kupita kichwa ni 196. Kubwa kuliko kichwa 576. Unajumlisha, ikizidi 642 hiyo neti wanaihesabu ni chakavu haikingi tena. Yangu ilikuwa na 19 ya gumba, 9 ya ngumi na 3 ya kichwa. Tukajumlisha pale kibarazani, 814. Miezi 22 tu tangu nipewe.

Ila kilichonishtua zaidi siyo hiyo 814, ni mahali matundu yalipo. Juu darini karibu hakuna. Katikati machache. Katika 31, matundu 24 yalikuwa kule chini, kwenye ile sehemu ninayochomekea kila usiku! Nikainua godoro. Kitanda chenyewe ni cha mbao cha fundi wa mtaani, chaga hazijapigwa randa upande wa chini, ubao wa ubavuni una mabanzi, na msumari mmoja umechomoza kama nusu sentimita. Kwenye kichwa cha ule msumari kulikuwa na nyuzi nyeupe zimejiviringa kama pamba. Kila usiku mi nachomekea kwa nguvu nikijua namlinda mtoto, na kila asubuhi nachomoa kwa kuvuta. Pale ndo neti ilipokuwa inachanika, kidogo kidogo, sentimita kwa sentimita, mahali ambapo sikuwahi kuangalia.

Na yale matatu makubwa ya kichwa binamu akasema hayo siyo ya msumari, angalia kingo zake zimetafunwa, panya huyo. Nikakumbuka, mavuno tunaweka viroba vya mpunga chumba kilekile cha mtoto, na mtoto mwenyewe akila anajifuta mikono kwenye neti, mafuta ya samaki na wali vinabaki pale. Panya anafuata harufu.

Kwa hiyo tukibaki kwenye swali la kudumu, mi naona tunalaumu dawa na kiwanda wakati mwingi kinachoua neti ni kitanda, panya na mikono yetu. Siyo kwamba neti zote sawa, hapana. Ile ngumu ya bluu mwanzoni nilidhani itadumu kuliko laini, ila ikishapata tundu na ukaendelea kuivuta linapanuka haraka. Laini inanasa kwenye kila banzi ila ukiiwahi inashoneka vizuri.

Ya tatu nisiifiche maana najua wengi wananunua hizo. 2021 nilinunua dukani neti ya duara, pinki, ina lesi, nzuri chumbani, muuzaji akaniapia ina dawa. Haikuwa na lebo yoyote inayosema ina dawa gani wala maelekezo ya kufua. Ikafika wiki ya pili nagundua ukilala mkono ukigusa neti mbu wanakung'atia kwa nje, asubuhi kiwiko kimevimba. Kitambaa imara mno, mpaka leo hakina tundu, kwa kudumu ningeipa alama zote, ila kwa malaria inasaidia mpaka pale unapojigeuza usingizini. Neti ya dawa hata ikiwa na vitundu, mbu akitembea juu yake akitafuta njia anakutana na dawa. Hii haina dawa, akipata upenyo ameingia mzima. Soma lebo kabla hujatoa hela, maneno ya muuzaji yasikutoshe.

Ya nne iliishia shamba, hiyo nasema kwa kifupi. Msimu wa mpunga tunahamia shamba kuwinga ndege na kulinda nguruwe pori, tunalala kwenye dungu la fito na nyasi. Neti mpya kabisa ilimaliza msimu mmoja, fito zinaichana, moshi, tope, hakuna godoro la kuchomekea unaikandamiza chini ya jamvi. Hapo sina ujanja niliougundua, zaidi ya kuing'oa asubuhi mapema na kuihifadhi ndani ya kiroba mpaka usiku. Na shamba ndo kuna mbu kuliko nyumbani, ndo inauma.

Sasa ya tano, nyeupe laini, aina ileile kabisa ya iliyonikatili, nilipewa kliniki Agosti 2022 kwa mimba ya pili. Kabla sijaifunga nilimwita fundi akapiga msasa chaga na ubavu wa kitanda, msumari ukagongwa ndani, alafu mi mwenyewe nikazungushia ubao vipande vya kanga kuukuu nikashindilia kwa gundi. Gharama yake ilikuwa hela ya fundi ya nusu siku na msasa basi. Viroba vya mpunga vikahamia chumba cha mbele juu ya mbao. Asubuhi siichomoi kwa kuvuta, nainua godoro kwanza ndo natoa neti, naisokota naitupia juu watoto wasiipate. Kufua ni mara moja kila miezi mitatu minne ikichafuka kweli, sabuni ya mche, maji baridi, bila kufikicha, bila jiki, naanika kivulini. Maji yake simwagi mtoni, hii dawa inaua samaki, na sisi mto Lumemo ndo huohuo watu wanavua na kuoga, nachimba kishimo nyuma ya nyumba namwaga humo.

Na kila mwisho wa mwezi naining'iniza mlangoni nahesabu. Tundu la kidole gumba nashona siku hiyohiyo kwa sindano na uzi wa kawaida, dakika tano. Nilikuwa nasubiri yawe mengi nishone kwa pamoja, usisubiri, kidole gumba kinageuka ngumi ndani ya wiki mbili, na ngumi moja ni sawa na vidole gumba 23.

Ile neti imefika Desemba 2025, miaka mitatu na miezi minne. Nimeishusha siyo kwa sababu ya matundu, nimeishusha kwa sababu kushona hakurudishi dawa, kitambaa kinaweza kuwa kizima na dawa imeshapungua sana. Pia binamu aliniambia mbu wengi huku wameshakuwa sugu kwa dawa ileile iliyozoeleka, ndo maana zimekuja neti zenye dawa mbili. Zilijaribiwa kule Misungwi, Mwanza, majibu yakatoka 2022, zile zenye dawa ya pili aina ya klorfenapiri zilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 ndani ya miaka miwili ukilinganisha na za kawaida. Zile zilizowekewa PBO, kemikali ya kuongeza nguvu ya dawa, zenyewe zilifanya vizuri mwaka wa kwanza, baadae nguvu ikashuka. Kwa hiyo ukiwa na uwezo wa kuchagua, angalia lebo uone dawa ni ngapi. Kliniki huchagui, unapewa iliyopo, na iliyopo ichukue, kulala na neti yoyote ya dawa ni bora mno kuliko kulala bila.

Swali ninaloulizwa sana, ikichakaa niitupe? Usiitupe wala kuichoma moto kabla hujapata nyingine. Ile ya 814 niliishona kwa siku mbili, vile vikubwa nikaweka viraka kutoka kwenye neti ya bluu, mtoto akaendelea kuilalia mpaka Agosti nilipopata mpya. Kinachoniumiza ni kuona neti mpya ikiwa bado kwenye mikunjo yake inazungushiwa bustani ya mchicha, au inakwenda kuvulia dagaa. Iliyokufa kabisa sawa, ila mpya ina mtoto wake mahali anaisubiri.

Ya sita ni ya mtoto wa pili, ya chanjo ya miezi 9, Novemba 2023, ina miaka miwili na kitu sasa. Jumapili iliyopita niliiweka mlangoni, vidole gumba vinne na ngumi moja, jumla 27. Ile ngumi iko kona ya miguuni ambapo kanga ya kwenye ubao imebanduka. Nimeshashona, gundi nanunua kesho.