Herufi za Kigiriki ndani ya LibreOffice Writer: uzoefu wangu

Ninaandaa maelezo ya fizikia na kemia, kwa hiyo α, λ, μ na Ω hazinikauki mkononi. Kazi hiyo naifanyia kwenye LibreOffice Writer, programu ya kuandikia hati, na kilichonifunga kwake ni Alt+X. Unaandika 03b1, msimbo wa α katika Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake), unabonyeza vitufe hivyo viwili kwa pamoja, msimbo unageuka α. Bonyeza tena, α inarudi kuwa msimbo.

Huko kurudi ndiko ninakokuthamini zaidi, kwa sababu jicho peke yake haliwezi kutambua herufi. Ishara ya maikro iliyopo kwenye kibodi nyingi ni U+00B5 (U+ hutangulia msimbo wa Unicode), ilhali herufi myu ya Kigiriki ni U+03BC. Omega ni U+03A9, lakini ishara ya ohm nayo imepewa namba yake, U+2126. Unicode ilirithi pacha hawa kutoka kwenye mifumo iliyoitangulia, ili maandishi ya zamani yahamishwe bila kupoteza kitu. Ukitafuta neno, programu inayolinganisha namba tu itakuambia halipo, nawe unaliona pale pale kwenye ukurasa.

Faili za zamani ndizo zinazonitia hofu. Kabla Unicode haijaenea, kulikuwa na fonti za alama zilizochora myu mahali pa m ya Kilatini. Ndani ya faili imo m tu, imevikwa joho la Kigiriki. Fonti ikikosekana joho linadondoka, na maikrogramu zinasomeka miligramu, yaani mara 1,000 zaidi. Katika kipimo cha dawa, hilo linaweza kugharimu uhai wa mtu. Ndiyo maana kila faili ya namna hiyo naipitia kwa Alt+X, kipimo kwa kipimo. Isipotoka 03bc wala 00b5, naandika upya.

Kuna pia zile takataka za Î± zinazotokea mahali pa α. Katika UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi za Unicode kwenye faili, α huhifadhiwa kwa baiti mbili, CE na B1. Programu ikizisoma kwa jedwali la zamani la Ulaya Magharibi, kila baiti inakuwa herufi yake. Writer inakuruhusu kuchagua usimbaji, yaani jedwali la kusomea baiti, unapofungua faili ya maandishi matupu. Chagua UTF-8, α inarudi. Kama faili iliandikwa kwa ISO 8859-7, jedwali la zamani la Kigiriki, ambamo α ni baiti moja tu, E1, chagua hiyo, la sivyo utaona á.

Vile visanduku vitupu vinavyotokea mahali pa herufi ni jambo jepesi: herufi ipo salama, ila fonti haina umbo lake. Badilisha fonti, mimi natumia DejaVu Sans.

Usiyekariri misimbo, fungua dirisha la herufi maalumu utafute kwa jina. Majina ni ya Kiingereza, na hapa wengi hukwama: jina rasmi la λ katika Unicode ni LAMDA, bila b. Ukiandika lambda hutaipata. Kwa milinganyo mirefu, afadhali uhamie Math, sehemu ya LibreOffice ya fomula. Huko unaandika %lambda, na b yake.