Programu ya kusoma ufunguo wa nyimbo: uzoefu wangu, na jibu nililopewa

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa.

Mimi ni DJ wa kufungua usiku hapa Nairobi. Kazi ya mfunguzi si kuwarusha watu, ni kuwakaribisha. Naanza na biti 118 kwa dakika wakati watu bado wanaagiza vinywaji, na ikikaribia saa sita nataka niwe 125 bila mtu kujua tumepandaje. Katikati ya safari hiyo kuna wimbo mmoja wa tekno tulivu ninaoupenda kupita kiasi: kiki (ile ngoma nzito ya mdundo) ya chini, mwangwi kama moshi, na kinanda kinachogusa mara moja moja kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Dakika 9. Ndio daraja langu.

Wimbo wa ngoma tupu unauweka popote. Lakini huu unaupitisha juu ya mwenzake dakika 2 nzima, na funguo zisipopatana utaumbuka: ufunguo ni noti ya nyumbani ya wimbo na noti zinazoambatana nayo. Ndiyo maana nikalipia programu inayosikiliza faili na kukuandikia namba ya gurudumu la Camelot, mchoro wa duara unaopanga funguo kwa namba: 1 hadi 12, A ni maina, B ni meja (aina mbili za ufunguo), nawe unahamia kwa jirani tu. Kutoka 8A unakwenda 7A, 9A au 8B.

Wimbo wangu ikauandikia 4A, yaani F maina. Nikaujengea seti nzima kuuzunguka.

Ijumaa moja hivi nikaushusha juu ya wimbo mwingine wa 4A wenye besi ndefu. Mwanzo salama, ni kiki tu. Kinanda kilipoingia, lo! Sauti zikaanza kusagana hadi meno yakaniuma. Kulikuwa na dada anacheza amefumba macho karibu na spika, akayafumbua, akaniangalia. Jicho lile sijalisahau mpaka leo. Nikakata besi, nikautoa wimbo haraka, lakini watu walishaanza kuelekea kaunta.

Nikadhani kosa ni langu. Ukiupandisha wimbo kutoka 118 hadi 125 bila kuufunga ufunguo, yaani kuizuia sauti isipande pamoja na kasi, umepanda karibu asilimia 6, na hiyo ni nusu toni, hatua moja ya kinanda. Nikakagua: ufunguo ulikuwa umefungwa. Kesho yake nikavaa hedifoni, nikaketi na kinanda kidogo, nikabonyeza noti moja baada ya nyingine hadi nikaukamata. F shapu maina. 11A! Nusu toni juu ya nilichoambiwa, na hakuna kitu kibaya kuchanganya kama nyimbo mbili zinazopishana nusu toni.

Nilivyoelewa mimi, mkia wa kiki unatua kwenye mitetemo kama 44 kwa sekunde, na hapo ndipo F ilipo. Kinanda kimewekwa nyuma, chini chini. Programu ikafuata chenye kishindo, ikauacha wimbo wenyewe.

Mashine kukosea nitaisamehe. Nisichosamehe ni jibu. Niliwaandikia kwa adabu, nikaambatanisha kipande cha sauti, nikaeleza nilivyopima. Baada ya siku kadhaa mhudumu akanijibu kwa mstari mmoja: programu haina tatizo, huenda hujazoea muziki wa aina hii.

Hujazoea! Tekno iliibuka Detroit, Marekani, miaka ya 1980 mikononi mwa vijana weusi, akina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Halafu mtu ambaye hata kipande changu hakukisikiliza ananiambia si muziki wa masikio yangu. Mpiga kanuni wa taarabu akikaa kukaza nyuzi zake kabla ya onyesho, nani anamwambia hajui sauti?

Haki isemwe: kwa nyimbo zenye melodi ya wazi, hasa za haus (muziki wa dansi wa klabu) zenye waimbaji, inapatia vizuri na imenipunguzia kazi kubwa. Ukipiga muziki huo, nunua, itakufaa. Nilikuwa nimeshaamua nyota 3.

Lakini kabla ya kuandika haya nimeufungua ujumbe ule nikausoma tena. Nyota 1. Wala usinunue, hata kwa haus. Pesa hiyo tafuta kinanda kidogo cha mkononi, kipo siku zote na hakikutukani.

Namba zote za nyimbo tulivu nimezifuta, nazipima upya mwenyewe, noti kwa noti. Juzi usiku daraja langu nimelirudisha, safari hii nyuma ya wimbo wa 10A. Nikaziacha zipande pamoja dakika zote 2, mkono nimeuondoa kabisa kwenye besi. Kinanda kikaingia, kikakaa. Mbele ya spika hakuna aliyefumbua macho.