Kalenda ya Google kwa vikundi vya parokia

Mimi ni katibu wa kwaya, na ukumbi wa parokia tunagawana na WAWATA (akina mama Wakatoliki) na VIWAWA (vijana Wakatoliki). Kalenda ya Google imetupunguzia ugomvi sana, tena bure. Kila kikundi kina kalenda na rangi yake. Zambarau ni yetu. Ninachokipenda zaidi ni ruhusa: waimbaji wanaona tu, viongozi ndio wanaohamisha mazoezi. Ukitumia Google Groups (huduma ya Google ya vikundi vya barua pepe), unashirikisha kalenda kwa anwani moja ya kikundi, humwaliki mtu mmoja mmoja. Ila kila mwanachama lazima abonyeze kiungo kwenye barua pepe ndipo kalenda imtokee, na wazee wetu wa sauti ya nne (besi) barua pepe hawafungui kabisa! Hao nawapigia picha ratiba ya mwezi, nawatumia WhatsApp.