Polima za droo ya chini: uzoefu wangu na duka moja la spea Mwanjelwa

Kama uko Mbeya na unatafuta kapasita za polima (vile vikopo vidogo vya kutuliza umeme) za kubadilisha kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, pale Mwanjelwa kuna duka la spea ambalo jina lake naliacha. Ushauri wangu ni mfupi: lipite. Mwenye duka ana dharau na alichoniuzia ni utapeli. Nyota sifuri.

Sasa niwasimulie.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya mama mmoja mwenye steshenari Uyole. Wanaoishi huku wanazijua asubuhi za mwezi wa sita na wa saba. Mama akifungua duka anabonyeza, feni zinazunguka, skrini giza. Jua likishapanda, au akiipulizia drayeri ya nywele, inawaka na kupiga kazi mpaka jioni bila tatizo. Fundi wa kwanza alimwambia ni ram, akanunua ram. Wapi! Kapasita za kawaida zina majimaji ndani, na zikishachoka, baridi ndiyo inazimaliza: ukinzani wa ndani unapanda, umeme unaofika kwenye prosesa unayumba, mashine inagoma kuamka. Wengi wanasubiri waone kapasita imevimba ndipo waamini. Kwenye bodi hii ni moja tu iliyokuwa imeanza kuinua kichwa, na hiyo kidogo sana. Ndiyo maana nilitaka polima na si kingine. Polima haina majimaji, baridi ya Uyole haiisumbui, na pale karibu na prosesa penye joto inadumu kuliko hizi za kawaida.

Nikaingia dukani, nikasalimia, nikataja shida yangu: za volti 6.3, maikrofaradi 820, kipenyo milimita 8. Yule bwana hakuinua hata macho kwenye simu.

“Nani kakutuma?”

Nikamwambia sijatumwa, fundi ni mimi. Akacheka, akamtazama mteja mwingine aliyekuwa amesimama pale ili wacheke wote. “Dada, mwambie fundi wako aje mwenyewe. Hivi vitu vina mambo mengi.”

Mambo mengi! Mimi niliyekuja na mita ya kupima ukinzani wa ndani kwenye pochi. Alipoona sitoki akanisukumia kifuko. Nikaomba nipime kwanza. “Ukipima umenunua.” Nikalipa, maana mama wa watu alikuwa ananisubiri na foleni ya wanafunzi wa kutoa kopi.

Nje kwenye mwanga nikazimimina kiganjani. Kwa mbali ni polima kabisa: kopo linang'aa, halina ganda la nailoni kama za kawaida. Lakini juu ya kichwa kuna ile mikato ya kupasukia, ambayo polima za ukubwa ule huwa hazina, kichwa chake ni bapa. Nikaangalia chini kwenye shingo, nikakuta uzi mwembamba wa nailoni ya kijani umebaki. Mtu alikaa chini akazimenya moja moja kama viazi vya Njombe, kisha akazigonga muhuri. Nikalowesha kidole gumba kwa mate, nikasugua, maandishi yote yakabaki kwenye kidole. Mita nayo ilisema hivyo hivyo. Polima nzima ya aina ile inasoma ukinzani wa karibu na sehemu moja ya mia ya omu, au chini yake. Hizi zilikuwa juu kwa zaidi ya mara kumi.

Nikarudi ndani. Akanyoosha kidole kwenye karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. “Ungekuwa fundi ungezijua kabla ya kulipa.” Huyo huyo aliyenikataza kupima!

Nilikuwa nimeshapanda bajaji, kijana wake wa kaunta akanifuata mbio. “Dada, samahani. Za kweli zipo, ziko droo ya chini. Ila anawatolea anaowajua.”

Hapo ndipo nilipochukia hasa. Angekuwa hana, ningesema ni njaa ya biashara. Anazo!

Kesho yake nikamtuma mdogo wangu wa kiume. Huyu anasomea udereva, ukimwonyesha kapasita anakuuliza inaliwa na nini. Nikamwambia sema tu, “naomba polima za droo ya chini.” Hakuulizwa katumwa na nani, na kweli alikuwa ametumwa! Alitolewa kiti. Na bei ilikuwa pungufu kuliko niliyotozwa mimi.

Lakini, na hili linaniuma kuliandika, mali ilikuwa safi. Miguu mirefu, haijawahi kuguswa na risasi ya kulehemu, maandishi hayatoki hata kwa spiriti, mita inakaribia sifuri. Zile nilizowahi kuagiza Kariakoo zikaja kwa basi, nusu yake zilikuwa na miguu mifupi, zimeng'olewa kwenye bodi kuukuu. Kulehemu sikuelezi, ila matundu ya upande wa graundi yanakunywa joto, pasi ndogo ya kulehemu itakuaibisha. Yeyusha risasi mpya juu ya ile ya zamani kwanza, ndipo uinyonye itoke. Mama akanipigia saa moja asubuhi, baridi imekaza, mashine imewaka yenyewe na drayeri imerudi saluni kwa mwenyewe.

Kwa hiyo ile nyota sifuri naifuta. Droo ya chini naipa nne. Kijana wa kaunta tano, na afungue duka lake nihamie huko. Mwenye duka... nilitaka kumpa moja kwa sababu ya mali, nikakumbuka kile kicheko. Hapati.

Nina bodi nyingine mezani, inataka za volti 16. Mdogo wangu ameshajitolea kwenda, anadai nauli na hela ya soda. Simtumi. Nakwenda mwenyewe na mita mkononi, nitasema “droo ya chini”, na safari hii salamu hapati.