Chupa ya chai ya stenlesi baada ya miezi minane: kizibo ndo kila kitu

Nina miezi minane na hii chupa ya chai ya stenlesi ya lita moja, ile ya kuta mbili na kizibo cha kuzungusha, siyo ya kubonyeza, na nimeona niandike kwa sababu kabla sijanunua nilisoma maoni ya watu mpaka macho yakauma na karibu wote wanasema "inatunza joto vizuri" basi wameishia hapo. Vizuri ndo vipi? Mi nilichukua kipimajoto nikapima mwenyewe.

Nilichemsha maji nikajaza mpaka karibu na kizibo, saa moja asubuhi yako 95. Saa saba mchana 82. Saa moja usiku 72. Kesho yake saa moja asubuhi 57, na chumba chenyewe kilikuwa kwenye 25 hivi. Sasa angalieni hapo, masaa sita ya kwanza zimeshuka digrii 13, masaa sita yaliyofuata 10, halafu usiku kucha masaa kumi na mbili mazima 15 tu. Nilidhani nimekosea nikarudia siku nyingine ikaja vilevile. Kumbe joto linatoka kwa kufuata tofauti, maji yakiwa ya moto sana kuliko hewa ya nje linakimbia, tofauti ikipungua na lenyewe linapoa mwendo. Kwa hiyo mtu akikwambia chupa yake inashusha digrii mbili kila saa muulize ni saa ya ngapi hiyo.

Kabla ya hii nilikuwa na nyingine ikaanguka, kwa nje ikabaki na kibonyeo kidogo tu pale chini nikasema haina shida. Haikuwa hivyo. Tangu siku ile nikiweka maji ya moto, baada ya dakika kumi ubavu wa nje unakuwa vuguvugu mkononi, na ikifika mchana maji ni ya kunawia. Ndo nikaelewa kwamba kinachofanya kazi kwenye hizi chupa ni ile nafasi katikati ya kuta mbili ambayo wamenyonya hewa wakaziba, yaani ombwe. Joto linahama kwa vitu kugusana, au kwa kubebwa na hewa au maji yanayozunguka, na kama hakuna cha kugusa wala cha kubeba basi njia hizo mbili zimefungwa. Inabaki ya tatu, ya kurushwa, kama unavyolisikia joto la kaa la moto usoni bila kuligusa, hiyo haijali kama kuna hewa au hakuna, ndo maana kuta zinang'arishwa zilirudishe ndani. Ufa mdogo ukiingiza hewa pale katikati, imeisha hiyo. Ukinunua mpya jaza maji yanayochemka, subiri, shika ubavuni pande zote. Ukisikia uvuguvugu rudisha siku hiyohiyo.

Shingoni ni habari nyingine. Pale ukuta wa ndani na wa nje zinakutana, lazima, kwa hiyo joto lina daraja la kupandia. Hapo stenlesi inasaidia sana, maana chuma siyo vyote sawa: shaba inapitisha joto kwa kipimo cha kama 400 (wati kwa mita kwa digrii), alumini inapita 200, stenlesi iko kwenye 15 tu. Hewa iliyotulia ni kama 0.025! Ndo maana kizibo wanakitengeneza kwa plastiki yenye uwazi ndani, na ndo maana blanketi linafanya kazi, siyo kwamba nyuzi zake zina moto, zinaishika hewa isizunguke. Nililizungushia blanketi ile chupa iliyoharibika na kweli ikajikaza kidogo. Likilowa sasa hakuna kitu, maji yanapitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa.

Narudi kwenye kizibo, hapa naomba msome kwa makini. Mwezi wa tano nikapima kwa mazoea, saa moja usiku badala ya 72 nikakuta 64. Roho ikaniuma, nikajua na hii imekufa, ila ubavu nikishika ni baridi kabisa. Nikahangaika siku tatu. Kumbe ule mpira wa duara wa kwenye kizibo nilipouosha niliurudisha umekaa upande, na mvuke ulikuwa unatoka polepole bila hata kuuona. Mvuke unabeba joto kuliko watu wanavyofikiria, gramu kumi tu za maji zikiondoka kama mvuke zinashusha lita nzima kama digrii tano hivi. Wati na kuta na kung'arisha kote kule, halafu unapoteza kwa mpira wa kidole kimoja!

Mambo mengine haraka haraka. Ukijaza nusu inapoa vibaya, yangu ilikuwa 58 baada ya masaa kumi na mawili, maana shingo na kizibo ni vilevile lakini akiba ya joto ndani ni nusu. Kuipasha kwanza kwa maji ya moto watu wanakusifia sana, mi nilipata digrii moja na kitu, kwa chupa iliyojaa sioni kama inastahili usumbufu.

Barafu ndo ilinishangaza. Niliweka nusu kilo ya barafu nikajaza maji baridi, kesho yake muda uleule nikitikisa bado zinagongana humo ndani. Chupa ni ileile, haijui moto wala baridi, inachelewesha tu joto lisivuke ukuta, liwe linatoka au linaingia. Ila huku tofauti na chumba ni digrii 25 tu siyo 70, halafu barafu kuyeyuka inakula joto jingi, kilo moja inataka karibu sawa na la kupeleka kilo ya maji kutoka 0 mpaka 80. Na kiukweli hizi chupa zilianzia kwenye baridi, Mskoti James Dewar aliitengeneza London mwaka 1892 akiwa anahangaika na gesi alizozigeuza kimiminika, hewa inachemka kwenye baridi ya karibu 190 chini ya sifuri, akitaka zisimpotelee. Hakuisajili, Wajerumani wakaja kuiuza kwa jina la Thermos kuanzia 1904. Namwonea huruma mpaka leo.

Ubaya wake: nzito, mdomo mwembamba mkono hauingii, na huoni maji yamebaki kiasi gani. Hayo nimeyazoea. Ambalo sijalikubali ni kwamba waliotengeneza hawauzi ule mpira peke yake, niliwaandikia wakaniambia ninunue chupa nyingine, yaani nitupe ukuta mzima wenye ombwe zima kwa sababu ya mpira. Juzi umeanza kulegea. Nimeuchomoa ule wa chupa iliyoanguka, vipimo vinafanana, nimeubana vizuri na jana nimepima tena saa moja usiku: 71.