Peterson StroboPlus HD kwenye gitaa la stili la pedali: G shapu haikai kwenye sifuri

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani ninayo tyuna, yaani kifaa cha kupimia noti, ya Peterson StroboPlus HD, na mbele yangu liko gitaa la stili la pedali, lile linalopigwa likiwa limelala huku pedali za miguu zikibadilisha noti za nyuzi; lina nyuzi kumi, lililotyuniwa kwa E9, mpangilio ambao wapigaji wa Nashville wameufanya kuwa mali yao. Sitakula muda wenu kwa habari za betri na tundu la waya, kwa sababu hayo yameandikwa kwenye boksi. Nataka kukaa na jambo moja tu, lililonifurahisha kiasi cha kuahirisha kipindi nilichokuwa nimewaahidi, nalo ni namna tyuna hii inavyoushughulikia uzi wa tatu, yaani G shapu.

Sikilizeni kwanza. Nimechukua tyuna ya kawaida ya kubana, yenye mshale, nikauweka kila uzi pale mshale unaposimama katikati, yaani kwenye sifuri: uzi wa nne E, wa tatu G shapu, wa tano B. Sasa ninazipiga zote tatu kwa pamoja na kuziacha zilie. Je, mnausikia ule mtetemo wa haraka, kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa? Huo si ubovu wa gitaa wala wa spika. E ya uzi wa nne hutetemeka mara 329.63 kwa sekunde, na G shapu ya mshale hutetemeka mara 415.30; mara tano ya ile ya kwanza na mara nne ya hii ya pili zilipaswa kukutana mahali pamoja, lakini zinapitana kwa mitetemo 13 hivi kila sekunde, na kupitana huko ndiko mnakokusikia. Aliyeimba kwaya anakijua kitu hiki bila hesabu yoyote, kwa sababu kinanda kikinyamaza, waimbaji wenye masikio mazuri huishusha “mi” kidogo mpaka itulie juu ya “do”. G shapu ndiyo “mi” ya E.

Sasa ninafungua mpangilio unaoitwa SE9 ndani ya StroboPlus, ambao umetengenezwa kwa ajili ya gitaa hili, nami ninaulegeza uzi wa tatu polepole. Kwenye kioo hakuna mshale, ila mistari inayotiririka. Noti ikiwa juu hukimbilia upande mmoja, ikiwa chini hurudi upande wa pili, na ikifika hutulia. Imetulia. Ninapiga tena E, G shapu na B. Nyuki ametoka kwenye chupa! Ili “mi” itulie kabisa hivi, inatakiwa kushuka takriban senti 14, na senti ninayoisema hapa ni sehemu moja ya mia ya nusu toni. Mpiga gitaa la kawaida anaweza kuishi bila kujali senti 14, kwa kuwa noti zake hufa mapema. Stili hulia kwa muda mrefu, mguu ukiwa juu ya pedali ya sauti, na kosa husimama uchi mbele ya kila mtu. Ndiyo maana sauti hii, hata ilipoingia kwenye muziki wa juju wa Nigeria kupitia mikono ya Demola Adepoju katika bendi ya King Sunny Adé, hupendeza pale tu inapokaa mahali pake.

Nisiwadharau washindani. Boss TU-3 ina usahihi wa senti 1, wakati StroboPlus inafikia sehemu moja ya kumi ya senti, lakini TU-3 hukuruhusu kuhamisha kipimo cha noti ya A, ambacho kwa kawaida ni Hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), popote kati ya Hezi 436 na 445, na kila Hezi moja ni takriban senti 4. Ukikiweka kwenye 436 au 437 unapoutyuni uzi wa G shapu, umeikaribia sana ile “mi”, na hii ndiyo njia ambayo mwalimu Jeff Newman aliwafundisha wapigaji kwa chati zake za Hezi. Mwenye TU-3 tayari hana haja ya kutoa zaidi ya dola 100 kesho asubuhi, ingawa atachoka kubonyeza kitufe kwa kila uzi.

Tatizo langu lilianza nilipokanyaga pedali. Pedali A huipandisha noti ya B kuwa C shapu, pedali B huipandisha noti ya G shapu kuwa A, na noti hizo hutyuniwa upande wa kulia, kwa kuzungusha vile vifundo vya nailoni huku mguu ukiwa umekanyaga. Nilizikanyaga zote mbili, nikapiga uzi wa nne ambao hakuna pedali iliyougusa, na mistari ikaanza kurudi nyuma. Kwa siku mbili niliilaumu tyuna. Kumbe mwili wa gitaa langu hujikunja kidogo kwa nguvu ya kuvuta nyuzi, na nyuzi nyingine zote hushuka. Sasa E ya wazi, yaani pedali zikiwa hazijakanyagwa, ninaiweka juu kidogo ya sifuri ili ikishuka ianguke pazuri, na viwango hivyo nimevihifadhi ndani ya tyuna kama mpangilio wangu binafsi. Kwangu mimi hiki ndicho kinachoihalalishia bei yake, kwa sababu kila gitaa hushuka kwa kiasi chake.

Imebaki F shapu, uzi wa kwanza, ambayo haitulizwi na tyuna yoyote. Ikilia na B ya wazi inataka kuwa juu ya sifuri kwa senti 4. Pedali A ikikanyagwa na noti ya B ikawa C shapu iliyotulia, inataka kushuka chini ya sifuri kwa senti 18. Mimi nimeiweka senti 7 chini ya sifuri. Hii hapa pamoja na B, na hii hapa pamoja na C shapu. Sikilizeni zote mbili, kisha mniandikie ninyi mngeiweka wapi.